Sura ya Tano: Kombora la Ubia

Mpaka mwaka 1991, aliyetoka Mombasa kwenda Malindi kwa barabara hakuwa na budi kusimama Mnarani. Hapo lami ilikomea ukingoni mwa mkono wa bahari wa Kilifi, na magari yakapanga foleni kungoja feri. Juu ya jabali palikuwa na magofu ya mji wa kale wa Waswahili, yenye misikiti, kisima na kaburi la mnara, ambayo mwanaakiolojia James Kirkman aliyafukua mwaka 1954. Mji huo ulikaliwa tangu karne ya 14 hadi ya 17. Wenyeji wake walijua kuchagua mahali: kutoka pale juu, chombo kinachoingia horini huonekana kabla hakijatia nanga.

Kilomita 90 hivi kaskazini mwa kivuko hicho, ukishaupita mji wa Malindi, kipo kijiji cha wavuvi cha Ngomeni. Mbele yake, katika Ghuba ya Ungwana, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini katika miaka ya 1960. Tarehe 26 Aprili 1967, kutoka kwenye jukwaa mojawapo, roketi ya Marekani iitwayo Scout ilipaa na kuipeleka angani setilaiti ya Italia, San Marco 2. Kabla ya siku hiyo hakuna setilaiti iliyokuwa imerushwa kutoka jukwaa la baharini.

Habari hiyo husimuliwa kama habari ya sayansi, na ni sawa. Ila ukiifungua roketi yenyewe na kuuliza kila kipande kimetoka wapi, unakutana na askari. Scout ilikuwa na hatua nne, kila moja imekaa juu ya mwenzake, na kila moja ikipewa jina la nyota: Algol, Castor, Antares na Altair. Algol, ile ya chini, ilitokana na injini zilizotengenezwa wakati wanamaji wa Marekani wakitafuta kombora la nyambizi. Castor ilitokana na Sergeant, kombora la jeshi la nchi kavu. Antares na Altair zilikuwa za ukoo wa Vanguard, roketi ya wanamaji. Jeshi la anga halikuchangia injini, lakini lilikuja mapema na kuomba nakala yake.

Miaka michache tu nyuma, majeshi hayo hayo yalikuwa yameshindwa kabisa kushirikiana kombora moja. Sura hii inaeleza yalivyoshindwa, na jinsi vipande vya mipango yao iliyovunjika vilivyokuja kufanya kazi pamoja mbele ya Ngomeni.

Nahodha watatu

Mwezi Novemba 1955, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Charles Wilson, aliidhinisha makombora mawili ya masafa ya kati kwa mpigo mmoja. La kwanza, Thor, lilikuwa la jeshi la anga. La pili, Jupiter, lilikuwa la ubia kati ya jeshi la nchi kavu na wanamaji. Yote mawili yalitakiwa kufika kilomita 2,400 hivi. Yote mawili yalibeba kichwa cha nyuklia. Hata injini ilikuwa ya aina moja. Kilichoyatenganisha kilikuwa ni nani atakayeyamiliki.

Jupiter lilibuniwa Huntsville, Alabama, na kundi la Wernher von Braun, mhandisi Mjerumani aliyekuwa ametengeneza kombora la V-2 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kundi hilo lilifanya kazi chini ya jeshi la nchi kavu, ambalo lilitaka kombora la kuhamishwa kwa magari, lifuatane na vikosi na kufyatuliwa mahali adui hapajui. Wanamaji walitaka kombora fupi, liweze kusimama ndani ya meli au nyambizi. Basi likafupishwa na kunenepeshwa, hadi likaishia na urefu wa mita 18 hivi na kipenyo cha mita 2.67. Ukiiona picha ya Jupiter kando ya Thor, unaitambua mara moja kwa ule unene.

Halafu wanamaji wakajitoa. Sababu yao ilikuwa ya maana. Jupiter lilitumia oksijeni iliyogeuzwa kuwa kimiminika kwa baridi kali, na hakuna nahodha aliyetaka kulala na tangi la kitu hicho chini ya sitaha, meli ikiyumba. Walikuwa wameshajaribu kuokoa ubia kwa kuchora Jupiter la fueli yabisi, lakini mchoro ulitoa zimwi la tani zaidi ya 70, ambalo nyambizi ingeweza kubeba manne tu. Mwaka 1956 wanasayansi wa silaha, Edward Teller akiwa mmoja wao, walieleza kwamba vichwa vya nyuklia vitakuwa vidogo baada ya miaka michache. Wanamaji wakaona njia. Desemba ya mwaka huo waliruhusiwa kuachana na Jupiter na kujenga kombora lao, Polaris, lenye uzito wa tani 13 hivi.

Jeshi la nchi kavu likabaki na kombora lililochongwa kwa ajili ya meli zisizokuja kulichukua. Mambo yalikuwa yameshaharibika hata kabla ya hapo. Tarehe 26 Novemba 1956 Wilson alikuwa ametoa waraka unaolizuia jeshi hilo kuendesha kombora lolote linalozidi maili 200, yaani kilomita 320 hivi. Kwa kipimo cha Kenya, hilo ni kombora ambalo likifyatuliwa Mombasa halifiki Nairobi. Jupiter liliendelea kutengenezwa Huntsville, lakini likikamilika litakabidhiwa jeshi la anga.

Uamuzi huo ulichoma watu. Kanali John Nickerson wa jeshi la nchi kavu, aliyekuwa Huntsville, aliandika hoja ndefu ya kulitetea Jupiter, akaisambaza pamoja na siri ndani yake, na mwaka 1957 akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Aliadhibiwa na kupelekwa Panama. Ofisa mzima alihatarisha kazi yake kwa kubishania jeshi lipi lishike kombora ambalo lingefanya kazi ile ile mikononi mwa yeyote.

Waswahili husema nahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa nahodha walikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na chati yake. Wa nchi kavu alichora kombora linalotembea. Wa baharini alichora fupi. Wa angani hakuchora chochote, na ndiye aliyekabidhiwa usukani. Naye alipolipokea alilisimamisha wima penye kambi zisizohama, kinyume kabisa na alivyokusudia mchoraji wa kwanza.

Funguo mbili za Puglia

Kambi hizo zilikuwa Italia na Uturuki. Kwa mapatano ya mwaka 1959, makombora 30 ya Jupiter yalipelekwa Puglia, kusini mwa Italia, makao makuu yakiwa Gioia del Colle. Mengine 15 yalikwenda karibu na Izmir, Uturuki.

Walioyatunza huko Puglia walikuwa askari wa jeshi la anga la Italia. Waliyaandaa, waliyajaza fueli na kuyafanyia mazoezi ya kuhesabu kuelekea kufyatua. Vichwa vya nyuklia, hata hivyo, vilibaki mali ya Marekani, na kombora halikuweza kufyatuliwa bila funguo mbili, moja ya ofisa wa Italia na nyingine ya ofisa wa Marekani. Kwa hiyo kombora lililobuniwa na jeshi la nchi kavu la Marekani, kwa vipimo vya wanamaji wa Marekani, likamilikiwa na jeshi la anga la Marekani, lilihudumiwa na jeshi la anga la nchi nyingine. Baada ya mgogoro wa Cuba wa Oktoba 1962 makombora hayo yaliondolewa, na kufikia Aprili 1963 hakuna hata moja lililobaki limesimama Italia.

Ofisa mmoja wa jeshi hilo la anga la Italia ndiye atakayetuleta pwani ya Kenya. Lakini kwanza turudi kwenye injini zilizoachwa njiani.

Makapi ya vita, roketi ya wote

Jupiter la fueli yabisi halikuruka kamwe. Injini iliyokuwa ikiandaliwa kwa ajili yake na kampuni ya Aerojet, hata hivyo, ilikuwa imeshachomwa kwenye majaribio ya ardhini, na ilifanya kazi. Ilikuwa kubwa kuliko injini nyingi za fueli yabisi za siku zile, na ndiyo asili ya Algol.

Katika maabara ya Langley, Virginia, kikundi cha wahandisi, akiwemo Max Faget na William Stoney, kilikuwa kikirusha roketi ndogo za utafiti kwa kuunganisha injini za kijeshi zilizopatikana. Mwaka 1957 na 1958 walipiga hesabu wakaona kwamba wakipanga injini nne zilizokwisha kuwepo, moja juu ya nyingine, wanaweza kuweka setilaiti ndogo kwenye mzingo wa dunia kwa gharama ya chini. Hawakuhitaji kubuni kombora jipya. Walihitaji kuvunja uzio kati ya maghala ya majeshi.

Fueli yabisi ndiyo iliyorahisisha mambo. Ndani ya injini ya namna hiyo hamna pampu wala tangi la baridi kali. Kuna tonge moja kubwa la fueli, gumu kiasi na lenye kunyumbuka kama mpira wa tairi, limemiminwa ndani ya ganda na kuachwa likauke, na katikati lina tundu la kupitishia moto. Ukishaliwasha halizimiki mpaka liishe. Injini inaweza kukaa ghalani, kusafirishwa kwa meli na kufungwa mbali na kiwanda. Sifa hizo zilitafutwa kwa ajili ya vita, na ndizo zilizoiwezesha roketi hiyo baadaye kufungwa juu ya jukwaa la chuma katikati ya bahari ya tropiki.

Kampuni ya Chance Vought ya Dallas ilipewa kazi ya kuunganisha. Scout ya kwanza ilirushwa tarehe 1 Julai 1960 kutoka kisiwa cha Wallops, Virginia. Tarehe 16 Februari 1961 ilipeleka angani Explorer 9, na ikawa roketi ya kwanza kuweka setilaiti kwenye mzingo kwa fueli yabisi peke yake.

Jeshi la anga lilikuwa mle ndani tangu mwanzo, na hapo kosa la Jupiter lilianza kujirudia. Badala ya kutumia roketi ile ile, jeshi hilo liliagiza matoleo yake, yakaitwa Blue Scout. Moja lao, Blue Scout Junior, liliacha kabisa ile hatua ya chini. Kuanzia 1963 hadi 1967 matoleo hayo madogo yaliwekwa tayari Nebraska kwa kazi ya kutisha: kama mawasiliano ya kawaida yangeangamizwa vitani, roketi ingepaa na redio kichwani na kutangaza kutoka juu amri ya kushambulia kwa nyuklia. Wanamaji nao walitumia Scout kupeleka angani setilaiti za Transit, zilizoongoza nyambizi za Polaris. Chombo kimoja, wenyewe wengi, na kila mwenyewe na desturi zake za kukifunga na kukikagua.

Matokeo yalionekana Julai 1963. Scout iliyokuwa ikiondoka Wallops ilitoboka kwenye mdomo wa injini ya chini sekunde chache baada ya kuwaka, ikayumba na kuvunjika karibu na pale ilipotoka. Wachunguzi waliitazama ajali hiyo pamoja na nyingine zilizotangulia. Walikuta zaidi ya kasoro ya mdomo mmoja. Roketi zilikuwa zikikaguliwa na kuandaliwa kwa taratibu tofauti kutegemea nani anarusha na anarusha wapi.

Dawa ilikuwa chungu. Roketi zilizokuwa zimeshatolewa zilirudishwa Dallas, zikafunguliwa, zikapimwa upya na kupewa hati upya. Kuanzia hapo shirika la anga la NASA, jeshi la anga na mkandarasi walifuata taratibu za namna moja, na ofisi moja ya Langley ikawa mlinzi wa michoro. Aliyetaka kubadilisha kitu alipaswa kupitia ofisi hiyo, awe raia au jenerali. Scout iliruka mara 118 kati ya 1960 na 1994, na kwa historia yake yote imeandikiwa ufanisi wa asilimia 96. Ajali zake nyingi ni za miaka ile ya mwanzo.

Profesa mwenye cheo

Luigi Broglio, aliyezaliwa mwaka 1911, alikuwa mwanajeshi wa jeshi la anga la Italia na papo hapo mkuu wa skuli ya uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma. Mguu mmoja ulikuwa kambini, mwingine darasani. Mwanzoni mwa 1961 kikosi chake kilirusha roketi za utafiti za Nike-Cajun kutoka Salto di Quirra, Sardinia, uwanja wa majaribio uliomilikiwa kwa pamoja na majeshi ya Italia. Mwaka huo huo alimshawishi Waziri Mkuu Amintore Fanfani kwamba Italia inaweza kurusha setilaiti yake.

Italia haikuwa na roketi ya kufika huko. Marekani ilikuwa nayo, tena ndogo, rahisi na isiyo na siri za kutisha kama makombora makubwa. Mapatano yalifikiwa mwaka 1962: NASA itatoa Scout na mafunzo, Italia itatengeneza setilaiti, itajenga mahali pa kurushia na kurusha yenyewe. Waitaliano walikwenda Marekani kujifunza katika kipindi kile kile taratibu za Scout zilipokuwa zikisafishwa na kuandikwa upya. Tarehe 15 Desemba 1964 walirusha San Marco 1 kutoka Wallops kwa mikono yao, na setilaiti ikakaa kwenye mzingo.

Kilichobaki kilikuwa ni ikweta. Dunia ikijizungusha, mahali palipo kwenye ikweta huenda mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Kwa Scout, ambayo iliweza kubeba kilo mia na kitu tu, zawadi hiyo ilikuwa kubwa. Ngomeni iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu, kwa hiyo hatua zilizokwisha kuungua zingeanguka majini bila kumdhuru mtu.

Kazi ya Ngomeni

Jukwaa la kwanza, Santa Rita, lilikuwa la pembetatu na la miguu mitatu, na lilikuwa limetumika kutafuta mafuta. Liliburutwa kutoka Italia hadi Ghuba ya Ungwana, na mwaka 1964, Kenya ikiwa na miezi tu tangu uhuru, roketi za kwanza zilipaa kutoka juu yake. Zilikuwa Nike-Apache. Hatua yake ya chini ilitoka kwenye Nike Ajax, kombora ambalo jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa limelizungushia miji yake ili kuangusha ndege za adui. Kwa hiyo hata hizo roketi ndogo zilikuja Ngomeni na cheti cha kuzaliwa cha kijeshi.

Jukwaa la pili, San Marco, lilikuwa la mstatili, refu, lenye miguu 20 ya chuma iliyosimama kwenye mchanga. Hilo ndilo lililobeba Scout. Santa Rita likageuzwa kuwa chumba cha kuongozea, nyaya zikapitishwa chini ya maji kuunganisha majukwaa hayo mawili.

Kazi ilikwenda hivi. Roketi ililazwa ubavu ndani ya banda lenye kiyoyozi juu ya San Marco, kwa sababu fueli yabisi haipendi joto linalopanda na kushuka, na chumvi ya bahari haipatani na nyaya. Humo hatua nne zilifungwa moja baada ya nyingine, zikakaguliwa mstari kwa mstari kwa kufuata kitabu, na setilaiti ikawekwa kichwani. Siku ikifika, banda lilisogezwa na roketi ya mita 23 hivi ikainuliwa wima juu ya uwazi uliokatwa sakafuni, ili moto upite chini na kumezwa na maji. Watu waliondoka kwa mashua kwenda Santa Rita. Kilichobaki juu ya San Marco kilikuwa tani 20 na ushei za chuma na fueli, bila mtu.

Scout tisa ziliondoka hapo kwa ajili ya setilaiti, na zote tisa zilifika. Mvuvi wa Ngomeni akiitazama orodha ya miezi yake ataona kitu anachokijua: Aprili 1967, Desemba 1970, Aprili 1971, Novemba 1971, Novemba 1972, Februari 1974, Oktoba 1974, Mei 1975 na Machi 1988. Hakuna hata moja iliyorushwa kati ya Juni na Septemba, miezi ambayo kusi huvuma kwa nguvu na bahari kuchafuka.

Ile ya Desemba 1970 ndiyo iliyovuma zaidi. Ilikuwa setilaiti ya NASA ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na ilirushwa tarehe 12, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend, mwanamke aliyesimamia mradi huo, na wenzake waliipa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na nchi nyingine. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na takwimu zake zilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Injini ya pili iliyoisukuma Uhuru ilikuwa ya ukoo wa Sergeant, kombora lililotengenezwa kubeba nyuklia kwenye uwanja wa vita.

Hesabu ya ubia

Wanaopanga silaha za pamoja hadi leo hupambana na hesabu ile ile ya Jupiter na Scout. Mfano ulio karibu na Waswahili ni Oman. Januari 2014 kampuni ya Raytheon ilitangaza mkataba wa dola bilioni 1.28 wa kuiuzia Oman mfumo wa ulinzi wa anga uitwao NASAMS. Mfumo huo, ambao asili yake ni Norwei, hufyatua kutoka ardhini kombora la AMRAAM, lile lile linaloning'inizwa chini ya mabawa ya ndege za kivita. Anayelinunua kwa ajili ya ndege na kwa ajili ya ulinzi wa ardhini huweka ghala moja, mafundi wa aina moja na vipuri vya aina moja.

Faida hiyo ina bei yake. Ndege hulipa kombora kimo na kasi kabla halijawashwa. Likitoka ardhini linaanza likiwa limesimama, katika hewa nzito, na sehemu kubwa ya nguvu zake hulika kwa kupanda. Kombora moja basi huwa na masafa mawili, marefu angani na mafupi ardhini. Tofauti na wapangaji wa Jupiter, wapangaji wa NASAMS hawakulifinyanga kombora lenyewe ili limfae kila mmoja. Waliliacha lilivyo, wakatengeneza kizindua, rada na chumba cha kuongozea vya kulizunguka. Scout nayo ilitengemaa kwa mtindo huo: chombo kimoja kisichoguswa, na mlinzi mmoja wa michoro.

Kenya katika ubia wa Ngomeni ilikuwa mwenye nyumba. Ilitoa bahari, pwani na ikweta. Michoro ilikaa Langley, roketi zilitoka Dallas, na uamuzi wa kurusha ulikuwa wa Roma na Washington. Scout ya mwisho ilipaa Mei 1994 kutoka California, ikiwa imebeba setilaiti ya kijeshi ya kujaribu vifaa vya kutambua makombora. Ngomeni haikupata roketi nyingine ya kuziba pengo lake. Tangu Machi 1988 hakuna setilaiti iliyorushwa kutoka huko, ingawa kituo, ambacho leo kina jina la Luigi Broglio na kuendeshwa na Shirika la Anga la Italia tangu 2004, kinaendelea kufuatilia vyombo vya angani kwa antena zake za nchi kavu.

Swali la Kenya inapata nini limeulizwa mara nyingi, Bungeni na Kilifi kwenyewe. Mkataba uliotiwa sahihi Trento mwezi Oktoba 2016 ulijibu sehemu yake kwa kutaja mafunzo, data za setilaiti na kituo cha kanda cha kuangalia uso wa dunia. Mwaka 2017 Kenya iliunda shirika lake la anga za juu. Taifa-1, setilaiti yake ya kwanza ya kuangalia uso wa dunia, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California kwa roketi ya kampuni binafsi, na siyo kutoka pwani iliyowahi kuirusha Uhuru.

Sasa Nairobi inazungumza tena juu ya kujenga kituo cha kurushia setilaiti, na ramani zinarudi pwani. Roketi yoyote itakayoletwa, ya Italia, ya India au ya kampuni binafsi, itakuja na wenyewe wake na masharti yao, na majeshi ya Kenya nayo yatataka kujua nafasi yao. Serikali isitie sahihi kabla ya kuandika bayana nani atashika michoro, nani ataruhusiwa kuibadilisha, na Mkenya ataketi wapi katika chumba cha kuongozea siku ya kurusha.